Nguo yenye mdomo: historia ya maandishi tunayovaa, toka pwani mpaka Mweru

Ukipita soko ya Kashikishi asubuhi, kabla hujamsalimia mtu hata mmoja umekwisha kusoma watu kumi. Kijana anayeshusha mizigo ya samaki amevaa tisheti yenye jina la chuo cha Amerika ambacho hajawahi kukisikia. Mama anayeuza chisense amejifunga chitenge cha chama; uchaguzi wake ulikwisha zamani, lakini uso wa mgombea bado unacheka pale kiunoni. Mwingine amevaa kikwembe cha 8 Machi. Mwingine, pindo la kikwembe chake linasema kwa Kifaransa kwamba hii ni wax ya kweli ya Hollande. Na kwetu Mantapala ni vile vile, tena zaidi: turubai la nyumba lina herufi za bluu, blanketi lina herufi, jileti ya mfanyakazi wa shirika ina herufi, kofia ya mlinzi ina herufi.

Tunavaa maneno mengi. Machache sana ndiyo tuliyachagua wenyewe.

Hii insha inafuata historia ya hayo maneno: yalianzia wapi, nani aliyaandika, na lini mvaaji alipata nafasi ya kusema lake. Siyo historia ya urembo tu. Kila mara katika habari hii kuna maneno ya aina mbili, na tutazikuta zote mbili mpaka mwisho. Aina ya kwanza ni neno la mwenye mali: jina la kiwanda, la tajiri, la chama, la shirika. Aina ya pili ni neno la mvaaji. Swali la historia yote ni moja: katika kitambaa kimoja, neno gani linaandikwa kubwa?

NGUO ILIFIKA KABLA YA HERUFI

Babu zetu wa pande hizi za Mweru, Wabwile wa mfalme Puta, Walunda wa Kazembe, Watabwa wa Nsama, walijua nguo ya magome ya mti kabla ya nguo ya dukani. Nguo ya pamba ya kigeni ilikuja na misafara. David Livingstone alipofika kwenye ziwa letu tarehe 8 Novemba 1867, hakuwa wa kwanza kutoka mbali. Kwa Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani, aliyekuwa ameishi kule miaka mingi. Mwaka ule ule Tippu Tip alikuwa amepigana na Nsama. Na upande wa magharibi, Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi, alikuwa anatawala toka Bunkeya, mpaka alipouawa Desemba 1891.

Wote hao walinunua pembe, shaba na watu. Walilipa kwa bunduki, kwa shanga, na zaidi kwa nguo. Nguo ndiyo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mikono na kwa doti, ililipwa kama hongo kwa mfalme ili msafara upite, ilitolewa kama mshahara wa wapagazi. Iliyojulikana zaidi iliitwa merikani: pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyoletwa Zanzibar toka miaka ya 1830 na meli za Salem, mji wa Marekani. Jina la nguo lilikuwa jina la nchi yake. Nyingine ilikuwa kaniki, ile ya bluu nzito karibu na nyeusi.

Merikani haikuwa na pambo lolote. Maandishi yake yalikuwa muhuri wa kiwanda uliopigwa kwenye jora, na huo haukuwa kwa ajili ya mvaaji. Ulikuwa wa tajiri kumwambia tajiri mwenzake: hii ni mali halisi, siyo ya kuiga. Na kuiga kulikuwepo, maana viwanda vya Uingereza na vya Bombay vilitengeneza merikani yao. Basi maneno ya kwanza kwenye nguo za njia hizi yalikuwa neno la mwenye mali. Mvaaji alikuwa mgongo tu wa kubebea.

Herufi zenyewe zilikuja kwenye ziwa kwa mlango mwingine. Miaka ya 1890 mmisionari Dan Crawford alijenga misheni yake Luanza, kwenye ukingo wa Mweru upande wa Kongo, na kule alitafsiri Biblia kwa Kiluba cha Sanga. Kwa hiyo kwa wazee wetu kitabu kilikuwa kitu kimoja na nguo kitu kingine. Herufi ni za kusoma umekaa kimya. Nguo ni ya kufunga. Kule pwani hivyo viwili vilikuwa vimeanza kukaribiana.

WANAWAKE WALIOKATAA KANIKI

Kanga ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za kichapo zilizokuja kwenye jora bila kukatwa, wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja, ikawa nguo moja ya leso sita. Neno leso ni la Kireno, na Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Jina la kanga lenyewe wanasema lilitoka kwa yule ndege mwenye madoadoa.

Kanga ina sehemu tatu, na mtu wa pwani atakutajia bila kufikiri: pindo, yaani mpaka wa kuzunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani maandishi. Tazama hilo neno. Maandishi ya kanga yanaitwa jina. Kanga bila jina ni kama mtoto ambaye bado hajaitwa.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya urembo. Katika Zanzibar ya watumwa, nguo ilikuwa alama ya daraja. Mtumwa mwanamke alivaa merikani au kaniki, na mtu alimjua kwa mbali. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake walioachiwa huru hawakungoja mtu awaambie wavae nini. Waliiacha kaniki. Walitumia pesa yao ndogo kununua kanga, na mpya ikifika walitaka hiyo mpya. Kwa macho ya tajiri hiyo ilikuwa mode. Kwa mwanamke aliyekuwa mali ya mtu jana, ilikuwa hati ya uhuru iliyofungwa kiunoni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maneno yakaingia kwenye mji wa kanga. Sifa ya kuyaeneza wanapewa sana watu wa duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, biashara iliyoanza mwaka 1887. Kanga za kwanza zenye maandishi zilikuwa kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo watu wa pwani walizosoma chuoni. Baadaye, shule za kikoloni zilipoenea, herufi za Kirumi zikachukua nafasi polepole, mpaka zile za Kiarabu zikawa kitu cha kuhifadhiwa makumbusho.

Kwenye kanga za duka hilo kuna kitu kinachofundisha. Karibu na ukingo, kwa herufi ndogo, imeandikwa K.H.E. na MALI YA ABDULLA. Katikati ya mji, juu ya pindo la chini, kwa herufi kubwa, limekaa jina. Maneno ya aina mbili katika nguo moja. Tajiri anasema: hii ni mali yangu. Lakini anasema kwa sauti ndogo, pembeni. Sauti kubwa ni ya mwanamke.

Kwa nini tajiri alikubali kujishusha hivyo? Siyo kwa upole. Ni kwa sababu mwanamke alikuwa na pesa mkononi na alikuwa na uwezo wa kukataa. Matajiri wa Zanzibar na Mombasa waliagiza kanga toka Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani. Mchapaji wa kule hakujua Kiswahili; alichapa tu alichopelekewa. Kama jina halikupendwa mtaani, marobota yalilala dukani. Ndiyo maana wenye maduka walitega masikio: mithali gani inazunguka sasa, fumbo gani limetoka kwenye ngoma ya harusi wiki jana. Soko iliwalazimisha kusikiliza.

HERUFI ZENYEWE

Watu wengi wanasoma kanga bila kuangalia umbo la herufi. Tuangalie kidogo, maana umbo lina sababu zake.

Jina la kanga karibu siku zote ni herufi kubwa tupu, nene, zimesimama wima, mstari mmoja, katikati. Hakuna mikia, hakuna mapambo. Mapambo yako kwenye pindo. Sababu ya kwanza ni ya kiwanda: kwenye pamba nyepesi rangi inatembea, na herufi nyembamba inaziba. Tundu la A linajaa, mguu wa R unapotea. Herufi nene inavumilia. Sababu ya pili ni ya mtaani: kanga haisomwi kwa utulivu kama kitabu. Inasomwa mtu akitembea, nguo ina mikunjo, na msomaji yuko ng'ambo ya barabara. Sababu ya tatu ni ya mwili: kanga ikifungwa vizuri, jina linaangukia nyuma, chini ya kiuno. Aliyevaa hawezi kulisoma. Limeandikwa kwa ajili ya yule anayebaki nyuma akimwangalia mwenzake anaondoka.

Hapo ndipo ufundi wa kanga ulipo. Mithali kama Wema hauozi au Njia ya mwongo ni fupi haina mwandishi. Hakuna sahihi. Jirani akiuliza, "Dada, hilo neno unaniambia mimi?" jibu liko tayari: "Jamani, ni kanga tu, nimeikuta dukani." Herufi za kiwanda, zile baridi zisizofanana na mwandiko wa mtu yeyote, zinamlinda mvaaji. Angeandika kwa mkono wake kwenye ukuta, ingekuwa tusi na kesi. Kwa herufi za kiwanda, ni fumbo. Mke mwenza, mama mkwe, mume anayechelewa kurudi, wote walipelekewa barua kwa njia hiyo, na hakuna balozi wa nyumba kumi aliyeweza kumshtaki mtu kwa kuvaa.

KIKWEMBE CHETU

Sisi wa Katanga na Tanganyika kanga siyo nguo yetu ya kila siku. Yetu ni kikwembe. Wazambia wanasema chitenge, Watanzania kitenge, watu wa Kinshasa liputa. Historia yake ni nyingine. Nguo za wax zilianza kama kuiga batiki ya Java. Kampuni ya Van Vlissingen, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond huko Uholanzi, ile ambayo leo tunaiita Vlisco, ilichapa kwa mashine ile kazi ambayo Wajava walifanya kwa mkono na nta. Soko yake kubwa ikawa Afrika.

Kikwembe hakina jina katikati. Pambo linajirudia toka mwanzo mpaka mwisho wa jora. Herufi ziko mahali pamoja tu: kwenye ukingo. Na kule ni neno la mwenye mali tupu: Véritable Wax Hollandais. Lakini angalia bamama wetu walifanya nini na huo ukingo. Badala ya kuuficha ndani ya mshono, wanauacha nje. Kikwembe kikifungwa, yale maandishi madogo yanapita juu ya kiuno au kwenye upindo wa chini, na yanasema: hiki siyo cha kuiga, mahari yangu ililipwa vizuri, mimi siyo mtu wa bure. Neno la kiwanda limegeuzwa kuwa neno la mvaaji. Ndiyo maana waigaji, siku walipokuja na nguo za bei rahisi, hawakuiga maua peke yake. Waliiga na zile herufi.

Wanawake walifanya na jambo lingine kubwa. Kwa sababu kikwembe hakina jina lililochapwa, walikipa jina kwa mdomo. Muuzaji na wateja wake wanakaa, wanatazama pambo jipya, wanaliita: jina la wivu, jina la ndoa, jina la mwimbaji aliyetoka kwenye redio. Kule Helmond pambo lina namba. Sokoni lina jina. Pwani jina linachapwa. Kwetu jina linasemwa. Lakini kazi ni ile ile: nguo haikubaliki kuwa bubu.

Kuna pambo moja la wax ambalo herufi zenyewe ndizo pambo: lile la ABC, limejaa alfabeti kama ubao wa shule. Limevaliwa miaka mingi Afrika ya Magharibi, na maana yake wanaijua wote: huyu anaheshimu elimu, watoto wake wanasoma. Huhitaji kujua kusoma ili uvae A, B, C. Unahitaji kutaka mtoto wako ajue.

Na sisi tulikuwa na viwanda. Watu wa Kalemie hawahitaji kuambiwa Filtisaf ilikuwa nini; mtaa mzima unaitwa hivyo mpaka leo, ijapo mashine zimenyamaza miaka mingi. Zambia ilikuwa na Mulungushi Textiles kule Kabwe, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafungwa mwaka 2007. Tanzania ilikuwa na Urafiki, Dar es Salaam, toka mwaka 1968. Kiwanda kikiwa karibu, mtu anaweza kwenda na neno lake. Kiwanda kikiwa ng'ambo ya bahari, anayeagiza makontena ndiye anayeamua maneno.

USO WA MKUBWA KIUNONI

Baada ya uhuru wakubwa waligundua kwamba mgongo wa mama ni ubao mzuri wa matangazo. Kwa Zaire ya Mobutu, siasa ya authenticité iliingia mpaka ndani ya sanduku la nguo: wanaume wasivae tai, wanawake wasivae suruali, wavae vikwembe. Na kikwembe kikaja na uso wake na herufi tatu za MPR, bamama wakapangwa mistari kucheza uwanjani akipita. Wazee wetu wanakumbuka. Nguo ilikuwa nzuri, pamba nzito. Neno halikuwa lao.

Zambia ilikuwa na UNIP na uso wa Kaunda, halafu MMD toka 1991, halafu vyama vingine. Kila uchaguzi lori linakuja na vitenge vya bure. Lakini hapa watu wa Zambia walifundisha dunia jambo. Mwaka 2011 chama cha PF cha Michael Sata kilitembea na maneno mawili yaliyotoka kwenye wimbo wa Dandy Krazy: Donchi Kubeba. Sisi waswahili tusikosee, hapa kubeba siyo kubeba mzigo. Kwa Kibemba ni kuwaambia. Maana yake: usiwaambie. Chukua chitenge chao, chukua sukari yao, vaa, piga makofi, na usiwaambie utapigia kura nani. Septemba ya mwaka ule watu waliovaa maandishi ya chama kinachotawala waliingia kwenye chumba cha kura na kukitoa chama hicho.

Hapo historia ya herufi kwenye nguo inapata funzo lake chungu. Ukimpa mtu neno ambalo hakulichagua, atalivaa kama anahitaji nguo. Lakini usidhani amelisema.

SALAULA NA TISHETI ZILIZODANGANYA

Salaula ni neno la Kibemba: kuchagua kwa kupekua rundo. Kenya na Tanzania wanasema mitumba. Ndani ya robota la salaula mna maandishi ya dunia nzima: mashindano ya mbio ya mji usioujua, harusi ya watu usiowajua, mzaha wa Kiingereza ambao hata mwalimu hawezi kuueleza. Mvaaji anachagua rangi, saizi, uzima wa kola. Maneno yanakuja bure, kama kupe kwenye mbwa.

Mfano mmoja ulijulikana sana, nao unaigusa Zambia. Tarehe 6 Februari 2011 timu mbili za futiboli ya Marekani zilicheza fainali yao, Super Bowl. Green Bay Packers waliwashinda Pittsburgh Steelers 31 kwa 25. Kule wanachapa tisheti za ushindi za timu zote mbili kabla ya mchezo, ili ziuzwe dakika ile ile filimbi inapolia. Basi zikabaki tisheti zinazosema Steelers ni mabingwa, na hawakuwa mabingwa. Shirika la World Vision lilitangaza kupokea nguo 100,000 za ligi hiyo na kuzigawa katika nchi nne: Zambia, Armenia, Nicaragua na Romania. Watu wengi, hata Wamarekani, walipiga kelele, na wengi walizungumza juu ya uchumi: nguo za bure zinaua fundi wa kijijini. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini iko na hoja nyingine iliyosemwa kidogo. Maneno yale yalionekana ni uongo usioweza kuvaliwa Amerika, na papo hapo yakaonekana yanafaa kuvaliwa hapa. Maana yake mtu alifikiri: kule hawasomi. Au wanasoma, lakini si kitu.

Tunasoma. Na ni kitu.

MKASI WA FUNDI

Kabla ya kufika mwisho tumpe fundi nafasi yake, maana yeye ndiye msanii wa herufi aliye karibu nasi kila siku. Kitambaa chenye maandishi kikifika kwenye mashini yake, anafanya kazi mbili: kushona, na kuhariri. Neno likikatwa vibaya linakuwa neno lingine, au linakuwa takataka. Uso wa rais ukiangukia penye makalio, ni kesi. Uso wa Bikira Maria ukikatwa na zipu, ni dhambi na mteja halipi. Vikwembe vya papa Fransisko alipokuja Kinshasa mwaka 2023, vya jumuiya za bamama wa kanisa, vya 8 Machi, vyote vina shida hiyo: mchoraji aliviwaza vikiwa bapa juu ya meza, na mwili siyo meza.

Kwa hiyo fundi mzuri anakunja kwanza, anasoma, ndipo anakata. Ukingo wa Hollandais anaupeleka kwenye mkono au kwenye upindo wa sketi. Duara lenye maandishi analiweka mgongoni au kifuani, siyo ubavuni. Mteja naye ana sheria zake: "Fundi, ile maandiko usikate, iache ionekane." Au kinyume: "Fundi, hii ya chama, igeuzie ndani, ninataka nguo tu." Nguo ngapi kambini zina maneno yaliyogeuziwa ndani? Hiyo nayo ni fasihi. Ni kama ukurasa uliobandikwa karatasi juu.

NENO LETU TULIANDIKE WAPI?

Turudi kwa wale wanawake wa Zanzibar. Walikuwa na vitu viwili ambavyo sisi wa kambi mara nyingi hatuna: pesa ya kununua, na uwezo wa kukataa. Ndivyo vilivyomfanya tajiri awasikilize. Nguo ya msaada haina soko. Turubai, blanketi, tisheti ya kampeni ya kunawa mikono: hakuna anayenunua, basi hakuna anayeulizwa. Ndiyo maana katika nguo hizo kuna neno la mwenye mali peke yake, tena kwa herufi kubwa, katikati ya mji. Mtoto anayeshonewa kaptula kwa kipande cha mfuko wa unga anatembea na nusu ya jina la mfadhili. Yeye mwenyewe hana pa kuandikwa.

Wenzetu wa mashirika, hili halisemwi kwa kukosa shukrani. Turubai lile lilitufunika mvua ya 2018, wakati wengi wetu tulipofika Mantapala kutoka Kenani, na kabla ya hapo kutoka Pweto na Moba. Wengi walivuka na mtoto mgongoni amefungwa kwa kikwembe na furushi kichwani limefungwa kwa kikwembe, na hivyo vikwembe viwili ndiyo nyumba yote iliyobaki. Mnajua wenyewe kwa nini alama zenu zinahitajika: kwa hesabu, kwa usalama, kwa mfadhili. Hata Abdulla aliandika MALI YA ABDULLA. Tunachosema ni kwamba aliandika pembeni.

Kuna mambo matatu yanayowezekana bila kiwanda. La kwanza halina gharama kabisa: tarehe 8 Machi na 20 Juni zikikaribia na tisheti au vitenge vinaagizwa, maneno yaulizwe kwanza kwa watakaovaa. Siyo kamati ya watu watatu siku ya mwisho. Waulizwe bamama kwenye bomba la maji, vijana, wazee. Watatoa mithali nzuri kuliko kaulimbiu yoyote ya warsha, na itakuwa kwa lugha wanayoilia.

La pili ni letu. Herufi hazihitaji mashine. Bamama wetu wanadarizi mashuka, foronya na vitambaa vya meza kwa sindano na uzi toka zamani, na wameandika humo Karibu na Mungu ni mwema, na maua pembeni. Mkono unaoweza kuandika Karibu kwenye foronya unaweza kuandika chochote kwenye kola, kwenye mfuko, kwenye upindo wa sketi. Na kijana mwenye wembe anaweza kukata herufi kwenye plastiki ngumu, akaweka juu ya kitambaa, akapiga rangi kwa sponji. Akate nene, kama za kanga, maana rangi inatembea.

La tatu ni ugumu, na heri tuubishanie mapema: tutaandika kwa Kiswahili gani? Tuandike Mungu yupo, kama vitabu vya Dar es Salaam, au Mungu iko, kama tunavyosali? Kibwile je, Kitabwa, Kiluba, Kibemba cha jirani anayetuuzia mihogo? Wengine watasema tuandike sanifu ili tusichekwe. Mimi naona kanga haikuzaliwa kwa watu waliogopa kuchekwa. Ilizaliwa kwa wanawake waliokuwa wanaambiwa kwamba Kiswahili chao ni cha watumwa, na leo maneno yao yanakaa ndani ya makumbusho. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, alijaza ukumbi wa Gateshead kwa nguo za mtindo wa kanga zenye maneno, watu wakalipa nauli kwenda kuzisoma. Chanzo chake ni mwanamke mmoja dukani, anageuza kitambaa, anasema: hapana, hili silitaki, nipe lile lingine.

Hiyo hapana ndiyo historia yote ya herufi kwenye nguo. Uwezo wa kusema: neno hili siyo langu, nataka lile. Anayeweza kuchagua neno lililo mgongoni mwake, huyo siyo tena wa kusomwa tu na watu. Naye ameandika.